Mwisho wa Picha ya Mkoba

Mama yangu alitolewa sinema kabla picha haijaisha, akakaa zaidi ya miaka thelathini bila kujua iliishaje. Jina lake Hamisa. Alizaliwa Temeke, akakulia Temeke, akaolewa Temeke, na habari hii hakuwahi kunigusia mpaka nilipokuwa mtu mzima, nafanya kazi ya kupiga chapa katika ofisi moja mjini. Hata siku aliyoisimulia, hakunisimulia mimi. Alimsimulia mwanamke wa Kihindi ambaye walikuwa wamejuana muda huo huo, dukani Kinondoni, nami nikaisikia kwa kuwa nilikuwa nimesimama pale nikimsubiri tuondoke.

Ilikuwa ile miaka biashara imefunguliwa. Sabuni za kila rangi zilikuwa zimerudi madukani, mitumba imejaa kila kona, na kila mwenye ndugu Uarabuni alikuwa akipokea deki ya video. Bwana Taher na mkewe, Farheen, wakafungua duka la kuazimisha kanda. Rafu za juu waliweka picha za Kihindi, za kati karate, na chini kabisa, karibu na sakafu, zilipangwa kanda ambazo hakuna aliyeziinamia. Zilikuwa picha za zamani za Kimarekani, nyeusi na nyeupe. Dada yake Bwana Taher, Gulbahar, alikuwa akiishi Uingereza, na televisheni ya huko ilizionyesha mchana kwa ajili ya wazee. Gulbahar alizirekodi, akamtumia kaka yake kila alipopata msafiri.

Siku hiyo tulikuwa tumetoka kumtazama binamu yangu aliyejifungua. Tulipopita mbele ya duka, mama akasimama. Kwenye televisheni iliyokuwa kaunta mvua ilikuwa ikinyesha, na mwanamume mwenye kofia alisimama chini ya taa ya barabarani, kivuli chake kimepanda ukuta mzima wa nyumba. Nilidhani mama amechoka, nikamshika mkono. Akautoa mkono wangu, akaingia ndani.

Farheen alimsalimu, akamwambia kwa upole kwamba hizo ni za zamani, hazina mtu.

"Basi mtu wake mie," mama akasema, na akaomba kiti.

Ndipo alipouliza kama wanayo ile ya fundi saa. Jina la Kizungu hakulijua. Wao enzi zao waliiita picha ya mkoba. Farheen hakuielewa, kwa hiyo mama akaanza kuieleza, na mimi nikawa namsikiliza mama yangu kama mtu nisiyemjua. Kulikuwa na fundi saa, akasema, ambaye mwenzake wa dukani ameuawa, na polisi wanamtafuta yeye. Mwimbaji mmoja wa klabu ndiye pekee anayejua fundi alikuwa wapi siku ile, lakini akifungua mdomo, mwenye klabu atammaliza. Wanapanga kukutana stesheni. Mvuke umetanda, fundi amejibanza nyuma ya nguzo. Mwanamke anakuja amevaa koti refu na kofia yenye wavu usoni, mkononi ana mkoba mweusi. Hawasemi kitu. Anafungua mkoba, anaingiza mkono.

"Hapo," mama akasema, "ndipo nilipohisi nimeshikwa bega."

Aliyemshika alikuwa kaka yake, mjomba wangu Abdulrahman. Nyuma yake alisimama mfanyakazi wa sinema na kurunzi, akimmulikia. Baba yao alikuwa amekwisha kufariki, na mjomba ndiye aliyekuwa mkubwa wa nyumba. Alikuwa kijana lakini tayari alisomesha watoto Kurani chuoni, na watu walimheshimu. Mama naye alikuwa msichana, amejifunika buibui, ameingia bila ruhusa, tena katika picha ya Kizungu, tena siku ambayo si ya wanawake. Walirudi Temeke kwa miguu. Ramadhani haikufika, mama akaolewa na Sadallah, karani wa bandarini, ambaye ndiye baba yangu.

Nisieleweke vibaya. Baba hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mpole, mwenye haya, na aliugua presha mpaka ikamwondoa. Sijapata kumsikia mama akimlaumu. Lakini siku ile dukani niliona kwamba kuna mahali katika maisha yake ambapo baba hakuwahi kufika, wala mimi.

Kuanzia hapo tukawa tunakwenda Kinondoni kila Jumapili alasiri. Bwana Taher alifunga duka upande wa barabarani, akaingiza televisheni chumba cha nyuma, na Farheen akatandika mkeka. Katika ujana wake Bwana Taher alikuwa akiendesha mashine katika sinema ya baba yake mdogo, na picha hizi alizipenda kwa sababu ya mwanga. Aliweza kusimamisha kanda ili tu atuonyeshe jinsi kivuli cha dirisha kilivyomkata mtu uso vipande vipande. Mwenzetu wa tano alikuwa Mzee Gozbert, Mhaya mstaafu wa reli, aliyekuwa amejenga Gongo la Mboto. Alikuja dukani kutafuta picha ya ndondi, akazikuta hizi, na hakutoka tena. Alikuwa ameziona Tabora alipokuwa kijana kazini.

Tuliziita picha za kivuli. Mzee Gozbert alisema uzuri wake ni kwamba humo stelingi, yule shujaa wa picha, anaweza kufa. Picha nyingine zote, alisema, unakaa unajua stelingi atapona, unakula karanga zako kwa raha. Humu hujui. Humu hata mzuri ana ubaya wake, na mbaya unamwonea huruma.

Kila mmoja alikuwa na yake ya moyoni. Mzee Gozbert alipenda ile ya askari magereza anayemtorosha mfungwa kwa kuamini amesingiziwa, kisha, wakiwa mafichoni, anamsikia akiongea usingizini. Aliisimulia kana kwamba ilitokea gereza la Segerea na yeye alikuwapo. Bwana Taher alipenda ya mwendesha lifti katika jengo refu, anayemtambua kwa sauti mtu aliyemuua baba yake, na kila siku inambidi ampandishe na kumshusha. Farheen yeye alikuwa na ile ya ndugu wawili wa kike wanaovaa koti moja kwa zamu, na polisi wanamtafuta mwenye koti. Akifika pale mdogo anapolichukua koti mlangoni, sauti ilimbadilika, maana na wao, yeye na dada yake, walivaa nguo kwa zamu walipokuwa wadogo.

Mama naye alikuwa na nusu yake ya picha. Aliisimulia mpaka kwenye mkoba, akanyamaza. Bwana Taher aliahidi kumwandikia Gulbahar. Kanda ya kwanza ilikuja, siyo. Ya pili ikaja, humo kulikuwa na fundi viatu.

Mjomba Abdulrahman wakati huo alikuwa akiishi kwetu. Mkewe alikuwa amefariki, magoti yamekataa, jicho moja limeingia ukungu. Mama ndiye aliyempikia, aliyempa dawa, aliyemsomea magazeti. Na Jumapili zote hizo mama alimuaga kwa kumwambia anakwenda kwa rafiki yake. Nilishangaa. Mwanamke mwenye wajukuu bado anamficha kaka yake kwamba anakwenda kuangalia picha.

Kisha ukaja mgao wa umeme. Maji yalikuwa yamepungua mabwawani, na mitaa ikawa inapata umeme kwa zamu. Jumapili nyingine tulifika Kinondoni tukakuta televisheni imefunikwa kitambaa, tukakaa kupiga soga tu. Siku moja mama akawaambia wenzake kwamba kama ni soga, basi na wao waje Temeke, wale kwake. Tukiwa njiani kurudi nikamuuliza vipi kuhusu mjomba.

"Nimezeeka, Farida," akasema. "Nimechoka kujificha."

Wakaja. Mama alipika wali wa nazi na samaki wa kupaka, tukakaa uani penye upepo. Mjomba aliitikia shikamoo zao, akapeana mikono na wanaume, kisha akarudi kwenye kiti chake pembeni na redio yake ya betri, ametugeuzia mgongo kidogo. Mazungumzo yakaenda yalikokuwa yakienda siku zote, mpaka yakafika kwenye mkoba.

Mzee Gozbert aliapa kwamba mle mkobani mlikuwa na bastola. Yule mwanamke alikuwa ametumwa na mwenye klabu, akasema, na Tabora watu walipiga mayowe. Bwana Taher alikataa. Yeye aliwahi kuionyesha ujanani, na alikuwa na hakika ni tiketi mbili za treni. Farheen akamkumbusha kwamba mwenyewe amewahi kumwambia kuwa mwendesha mashine haoni picha, anaona mashine. Bwana Taher akakubali kwamba kweli, mwishoni huwa anashughulika na kufunga magurudumu ya filamu. Wakaendelea kubishana hivyo hivyo, kwa raha, na mama anawasikiliza mmoja baada ya mwingine kama mtu anayetaka kuamini wote.

Redio ikazimwa.

"Ilikuwa saa," mjomba akasema.

Wote tukageuka. Alikuwa hajageuka yeye.

"Saa ya mkononi," akaendelea. "Fundi alimtengenezea mwanzoni, hawajajuana bado. Mwimbaji akamrudishia pale stesheni. Kisha akapanda treni peke yake, ikaondoka."

 Mama aliweka chini sahani aliyokuwa ameishika.

"Kaka, wewe umejuaje?"

"Niliiona. Jumamosi iliyotangulia, kabla yako."

Farheen, mtu mwenye akili, akainuka akasema anakwenda kutazama chai. Mzee Gozbert akaanza kuchunguza kucha zake. Mama alikwenda akaketi kwenye mkeka karibu na kiti cha mjomba, na mjomba akawa anaongea akitazama redio. Alisema kwamba siku ile mtu alimletea habari dukani kwa jirani kuwa dada yake yuko sinema, na alipotajiwa picha yenyewe, akakimbia. Alijua inavyokwenda. Na mama siku zile alikuwa amekwisha kutamka nyumbani kwamba hamtaki Sadallah.

"Ukaogopa nitapanda treni," mama akasema.

"Nikaogopa."

"Mie, kaka? Ningepanda treni ya kwenda wapi?"

 Mjomba akasema kwamba hilo hakulifikiri.

Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na sinia la vikombe, binti wa Sadallah, mwenye pua ya Sadallah, sijui nitazame wapi. Mama aliniona. Akaniambia niwape wageni chai isipoe.

Walipoondoka, mama alinuna siku nyingi. Alimpikia kaka yake, alimpa dawa, lakini magazeti hakumsomea. Nilidhani amekasirika kwa sababu ya ndoa. Nilipomuuliza, akaniambia mambo ya ndoa yalikwisha zamani, yeye na baba yangu waliyamaliza wenyewe, na walikuwa na furaha yao ambayo si lazima niijue. Kilichomuuma ni kingine. Miaka yote hiyo mjomba alikuwa akiujua mwisho, anakula chakula chake, analala nyumba moja naye, na yeye anahangaika kuuliza watu baki.

Nilijaribu kumtetea mjomba. Nilisema labda aliona haya, mwalimu wa chuo, watu wangemwonaje. Mama akasema na yeye aliona haya, lakini haya yake ilijulikana mji mzima.

Hali ilikuwa hivyo mpaka Bwana Taher aliponipigia simu ofisini. Msafiri alikuwa amefika kwa ajili ya harusi ya Mabohora wenzao, na katika mizigo yake mlikuwa na kanda kutoka kwa Gulbahar. Bwana Taher alikuwa ametazama mwanzo tu ili kuhakikisha. Alikuta fundi saa.

Nilimpa mama habari hiyo. Jumapili asubuhi alitoa kanzu ya mjomba sandukuni, akaipiga pasi ya mkaa, maana zamu ya umeme haikuwa yetu. Akampelekea.

"Vaa," akamwambia. "Tunatoka."

Mjomba hakuuliza kwenda wapi. Tulikodi teksi kutoka Temeke mpaka Kinondoni, mimi nimekaa mbele, wao nyuma, kila mmoja anatazama dirisha lake. Tulipofika, Bwana Taher alimpokea mjomba mlangoni, akamweka kwenye kiti karibu kabisa na televisheni kwa ajili ya lile jicho. Mama akaketi chini, mahali pake pa kila siku.

Kanda haikuwa nzuri. Mistari myeupe ilipita juu ya nyuso za watu, na sauti ilikuwa kama ya mtu anayeongea ndani ya pipa. Lakini ndiyo yenyewe. Mama alikuwa anaijua kuliko nilivyodhani. Kabla mlango haujafunguliwa alijua nani anaingia, na kabla mwimbaji hajaimba, midomo yake ilikuwa imeanza kutembea. Fundi alimtengenezea mwimbaji saa yake ya mkononi, kama mjomba alivyosema. Mzee Gozbert akaguna tu.

Ikafika stesheni. Mvuke, nguzo, koti refu. Nilimtazama mama badala ya picha. Alikuwa amejishika bega mwenyewe, sidhani kama alijua.

Mwanamke akafungua mkoba, akaingiza mkono, akatoa saa. Akamwekea fundi kiganjani, akamkunja vidole. Maneno waliyosemezana niliyatafsiri kwa sauti ndogo: kwamba asubuhi amekwenda polisi, ameeleza yote, fundi yuko huru, na yeye inabidi aondoke mji huo kabla mwenye klabu hajamfikia. Akapanda. Treni ikang'oa. Fundi akabaki kwenye mvuke mpaka akawa kivuli tu.

"Si niliwaambia," mjomba akasema kwa sauti ya chini, akachukua bakora yake ili ainuke.

Lakini picha haikuisha. Ikaonekana stesheni nyingine, ndogo, ya shamba, jua linachomoza. Treni inasimama. Yule mwanamke anashuka, mkoba mkononi, kofia ameivua. Anaketi kwenye benchi. Mzee mmoja wa reli anafagia, anamwuliza kama amepotea. Mwanamke anamjibu, nami nikatafsiri: hapana, nangoja treni ya kurudi.

Mzee anaendelea kufagia. Hapo ndipo yalipotokea maandishi ya mwisho.

Mjomba alikuwa amesimama nusu, mkono juu ya bakora. Alisema kwamba kipande hicho hakikuwapo. Bwana Taher akamjibu kwa heshima kwamba kilikuwapo, filamu ni ile ile, haikuongezwa kitu. Mjomba akaketi tena. Akatazama kioo kilichokuwa kimebaki na chengachenga.

"Mie nilikuwaga natoka kabla taa hazijawashwa," akasema hatimaye. "Nisionekane."

Mzee Gozbert alitaka kucheka, akamwangalia mama, akaacha. Mama akamwomba Bwana Taher arudishe nyuma kidogo, aone tena pale kwenye benchi. Tukapaona tena. Mwanamke akashuka, akaketi, akajibu. Mama alisogea mpaka kwenye kiti cha mjomba, akaweka mkono juu ya lile goti bovu.

"Kumbe na wewe hukumaliza," akasema.

"Sikumaliza."

"Ukanitoa kwa sababu ya treni, na treni yenyewe inarudi."

Mjomba aliinamisha kichwa. Akamwambia amsamehe, na neno hilo sikuwahi kulisikia kinywani mwake kabla, si kwa mtu yeyote. Mama alisema amesamehe, kisha akaongeza kwamba hata hivyo atamdai amsimulie nyingine zote alizoziona kwa siri.

Hizo nyingine zikawa nyingi. Ndani ya teksi, wakati wa kurudi, mjomba alianza taratibu, kama mtu anayejaribu kina cha maji kwa mguu. Alikuwa akienda mjini kununua vitabu vya chuoni, akasema, akivua kofia na kuikunja mfukoni, akikaa safu ya nyuma karibu na mlango. Ameona nyingi mno, na karibu zote hajui zimeishaje. Mama akamwuliza kama alimpenda yule mwimbaji. Mjomba akajibu kwamba alikuwa na sauti nzuri. Mama akasema sauti tu? Dereva akageuka kuwatazama. Wazee wale wawili waliongea mpaka tunaingia Temeke, wanakatizana, wanabishana nani alikuwa na kofia na nani alikuwa na sharubu, na mimi nikafahamu kwamba kabla ya mambo yote hayo walikuwa watoto wawili wa nyumba moja waliopenda kitu kimoja, ila hakuna aliyemwambia mwenzake.

Baada ya hapo mjomba hakukosa Jumapili. Bwana Taher aliinama kwenye rafu ya chini, akamtolea moja baada ya nyingine zile alizoziacha njiani, na mjomba akazimaliza. Nyingine zilimkasirisha. Alisema bora angeendelea kufikiri mwisho aliokuwa ameutunga mwenyewe. Ile ya mwendesha lifti ilimliza, akasingizia lile jicho.

Hatukudumu sana. Vituo vya televisheni vilianza hapa hapa Dar, watu wakawa na picha za bure nyumbani, na duka la kanda likakosa wateja. Bwana Taher na Farheen wakamfuata Gulbahar Uingereza. Mzee Gozbert alirudi Bukoba kwa watoto wake, na salamu zake zilitufikia mara moja moja kwa watu waliosafiri. Mjomba Abdulrahman alifariki nyumbani kwetu, mama akiwa pembeni yake.

Nikiikumbuka miaka ile, namwona mjomba Jumapili mchana, ameketi barazani, amekwisha kuoga na kuvaa wakati alasiri haijakaribia. Ananiita nimtazamie kama teksi imefika. Namwambia bado mapema. Anakaa kidogo, kisha ananiita tena, na safari hii anataka kujua Taher ameahidi kuweka ipi leo, na kama ni ndefu, maana yeye, anasema, hana haraka ya kuondoka.